TUSIKATAZE KUCHUMA MAJANI YA MABOGA



Komite ya bustani imepeleka ombi kwa prefe. Inaomba mambo mawili. La kwanza, kuanzia sasa mpaka mavuno, zamu ya jikoni isichume hata jani moja la maboga katika shamba la chini, lile la karibu na mto. La pili, kila mti ubaki na boga moja tu, na mengine yakatwe sasa yangali kama mayai, ili Sikukuu ya Mavuno tuweke mbele ya kanisa boga ambalo watu wa mji mzima watakuja kulitazama. Wengi wamepiga makofi. Mimi sikupiga, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu. Sipingi watu wa komite. Wawili kati yao tunalala chumba kimoja, na wanajua tayari ninachoandika hapa.

Ombi hili lilizaliwa na picha. Wote tunaijua, ile iliyobandikwa kwenye mlango wa refektwari: Mbelgiji mmoja, Mathias Willemijns, pamoja na boga lake la kilo 1190, lililopimwa Ludwigsburg, Ujerumani, mwaka 2016. Tangu picha ile ifike, watu wanasimama pale na sahani mkononi na kusema: «Ile moja inalisha enterna muzima wiki mbili!» Hapana, ndugu zangu. Boga la namna ile halikulimwa kwa chungu. Ni maji mengi, nyama yake haina utamu, na linashindana kwa mizani tu. Huko Windsor, Kanada, tangu mwaka 1999 watu walianza kuyachimba ndani, kuingia humo na kupiga kasia ziwani kama katika mtumbwi. Ni mchezo mzuri, mimi ningependa kuuona. Lakini ni mchezo.

Tena tujue uzito ule ulitoka wapi. Mwaka 1900, mkulima wa Kanada, William Warnock, alipeleka Paris boga la kilo kama 181. Miaka michache baadaye akapata jingine la kilo kama 183, likaonyeshwa Saint Louis, Marekani, mwaka 1904, na hakuna aliyelishinda mpaka mwaka 1976. Zaidi ya miaka sabini! Wakulima wa wakati ule walijua kulima kama wa leo. Kilichobadilika kwanza ni mbegu. Mkanada mwingine, Howard Dill wa Windsor, alichagua mbegu mwaka kwa mwaka, akazaa aina inayoitwa Atlantic Giant, na mwaka 1981 akafika kilo 224 hivi. Kutoka mbegu yake wengine waliendelea: Mswisi Beni Meier alipita tani moja mwaka 2014, Mwitalia mmoja alifika kilo 1226 mwaka 2021, Mmarekani mmoja karibu kilo 1247 mwaka 2023.

Sisi tuko na mbegu ya mama zetu. Mbegu nzuri, boga lake linakauka vizuri na lina sukari, lakini hata ukilipa mti mzima peke yake, halitafika pale. Na jua letu ni la saa kumi na mbili, mwaka mzima, wakati kule Kanada mwezi wa sita jua linakaa juu zaidi ya saa kumi na tano. Tena mti mmoja wa kule unapewa nafasi ya mita za mraba hamsini, hata mia. Katika shamba la chini tulipanda hatua mbili-mbili. Kwa hiyo komite inaomba tulipe bei ya mashindano, na mashindano yenyewe hatutayaingia.

Lakini sitaki mtu aseme kwamba nadharau wakulima wale. Kinyume chake. Nasema komite ilitazama picha bila kuuliza wale watu wanafanya kazi gani na kisu chao. Ukiuliza, utaona kwamba kazi yao inakataa maombi yote mawili.

Mti wa boga unatambaa na kamba moja kubwa kutoka shinani. Tuiite mama. Kwenye kila fundo la mama kuna jani, na kwapani mwa jani linatoka tawi, moja kulia, linalofuata kushoto: hao ni watoto. Watoto wakirefuka, nao wanatoa kamba kwenye mafundo yao: hao ni wajukuu. Mkulima wa maboga makubwa anamwacha mama aende mbele moja kwa moja. Watoto anawanyoosha pembeni, kila mmoja upande wake, asipande juu ya mwenzake, na mtoto akifika mita tatu au nne anamkata ncha. Wale wa karibu na shina wanaachwa warefu, wale wa mbele wafupi, hata ukipanda juu ya mti na kutazama chini utaona umbo kama la mti wa Noeli. Na wajukuu je? Wote wanatolewa, wangali wadogo kama kidole. Sababu wakiachwa, shamba linakuwa pori: jani linafunika jani, hewa haipiti, unga mweupe wa ugonjwa unapanda juu ya majani, na nguvu ya mti inakimbilia kwenye ncha mia moja badala ya kwenda kwenye tunda.

Anafunika pia mafundo kwa udongo, sababu kamba ya boga ikiguswa na udongo mbichi inatoa mizizi pale pale, na kila mzizi ni mdomo mwingine wa kunywa. Jambo hili peke yake lingetusaidia kuliko katazo lolote, na linahitaji jembe tu.

Sasa ninyi wa komite, nisikilizeni hapa. Mbelgiji wa picha anakata. Wenzake wanakata. Wakati kamba zinakimbia, wanaingia shambani karibu kila siku na kutoka na rundo la ncha na majani mabichi, halafu wanalitupa kwenye shimo la mbolea. Kile wanachokitupa ndicho sisi tunakiita mboga! Mama zetu wanavuta nyuzi za kijiti cha jani, wanakatakata, wanapika na karanga, na tunakula na bugali usiku. Kukata kamba na kuchuma mboga ni kazi moja. Mtu anayekataza kuchuma, anakataza pia kupunguza kamba. Na shamba lisilopunguzwa kamba, mwaka huu wa mvua nyingi, litaoza.

Na tusisahau mambo ya chungu. Kwa sasa sombe tunanunua, lenga-lenga ya shamba la juu imekwisha kutoa mbegu, na maharage yanakuja mara tatu kwa wiki. Majani ya maboga yakikatazwa mpaka mavuno, enterna itakula bugali na chumvi siku ngapi? Watoto wa mjini wanaolala kwao hawatasikia njaa ile. Naona wengi waliopiga makofi ni hao.

Hata hivyo komite ina haki katika jambo moja: shamba limeharibiwa. Nenda ukaone mwenyewe. Miti ya pembeni mwa njia iko uchi, imebaki na vijiti. Miti ya katikati ni msitu, huwezi kuona ardhi. Hii inaonyesha wazi kinachotokea: zamu inafika saa kumi jioni na kikapu, mvua iko karibu, mama mpishi anangoja, basi wanasimama njiani na kuvunja kile ambacho mkono unafikia. Ncha ya mama, jani la mama, tawi zima la mtoto, vyote sawa. Watu wanapenda kusema ni dada zetu wa zamu. Wavulana nao wanafanya zamu, nimewaona, na wao wanavunja zaidi sababu wanataka kumaliza mbio. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama na zamu shambani akaonyesha: hii chuma, ile acha. Umkataze mtu kitu ambacho hukumfundisha?

Kile cha kuchuma ni hiki. Wajukuu wote, bila huruma. Hao peke yao wanajaza kikapu kila siku ya pili kama shamba ni kubwa kama letu. Kisha ncha za watoto waliokwisha kufika hatua tatu. Na majani machanga ya ncha hizo. Kile cha kuacha: ncha ya mama, mpaka boga lake lishike na kuwa kubwa kama kichwa cha mtu, jani la fundo lenye boga, na majani mawili-matatu ya kila upande wa boga lile, sababu hayo ndiyo yanapika chakula chake karibu. Jani kubwa na gumu usilichume hata kidogo, mdomoni ni kama kitambaa na kwa mti ni sufuria. Usichume wakati majani yangali na maji ya mvua. Ngoja yakauke, sababu kidonda kibichi cha kamba kinaoza na kuoza kunatembea ndani ya kamba iliyo tupu kama bomba. Ukate kwa kisu, uache kisiki kidogo, usikate mtoto kwa kumkwangua kwenye mwili wa mama. Na ukikuta mti wenye majani yaliyojikunja na madoadoa ya njano, usitoke hapo na kisu kile kile kwenda kwa mti mzima. Kioshe kwanza na sabuni.

Hapa nijibu neno moja lililosemwa siku ya salongo. Ndugu mmoja alifungua Yohana 15, mambo ya mzabibu na matawi, akahitimisha kwamba kila kamba isiyo na boga lazima ikatwe mpaka shinani. Namheshimu, anasoma Biblia kuliko mimi. Lakini Bwana alitoa mfano kwa watu waliolima zabibu, na zabibu si boga. Katika mzabibu, tawi lenye tunda lina pia majani yake ya kulilisha. Katika boga, tunda linakaa juu ya mama, na wale watoto wasio na tunda ndio wanaobeba majani yanayolilisha. Ukiwakata mpaka shinani, umeondoa chungu motoni na kungoja chakula kiive. Neno la Mungu linabaki kweli; sisi ndio tulichanganya mimea.

Sasa maua. Nadhani hapa ndipo njaa yetu ya mwaka jana ilitoka, na komite haikugusa jambo hili hata kwa mstari mmoja.

Mwaka jana malalamiko yalikuwa: maua mengi, maboga machache. Wakasema: «Banakula paka majani, maboga itatoka wapi?» Ingia shambani asubuhi na uhesabu. Utakuta maua madume mengi sana, yako juu ya kijiti kirefu chembamba, na majike machache, yaliyo karibu na kamba, kila moja na kiboga kidogo chini yake kama kishanga. Madume yanatangulia kwa wiki moja au mbili. Watu wakiona wiki mbili za maua bila tunda wanasema ni maua ya uongo, wanayang'oa yote. Wanakuwa wameua waume siku chache kabla ya harusi. Ukitaka kupika maua, pika madume, si dhambi, ni mazuri na yai. Lakini acha matatu au manne kwa kila mti, kila siku.

Ua jike linafunguka asubuhi moja tu ya maisha yake. Linafunguka pambazuko, na kabla ya saa sita limefunga, halitarudi. Katika saa zile chache lazima unga wa dume, polene tuliyojifunza darasani, ufike juu ya kichwa cha jike. Unga huu ni mzito na unanata, upepo hauwezi kuubeba. Ni nyuki wanaoubeba. Na nyuki hawatoki kwenye mvua. Kumbukeni mwezi wa kumi na moja wa mwaka jana, asubuhi ngapi tulikwenda ibadani na miavuli? Kila asubuhi ya namna ile, maua majike yaliyofunguka siku ile yalipotea. Kiboga kinakaa siku tatu, nne, tano, kinakuwa cha njano, kinaanguka.

Kwetu wengine wanasema kiboga kinaanguka kwa sababu mtu alikionyesha kwa kidole. Sitaki kuwacheka wazee. Kidole cha watoto kinaleta pia mkono wa watoto, na kukataza kidole kunalinda tunda. Lakini mwanafunzi wa bioloji achukue kile kiboga kilichoanguka na akipasue. Kama hakina tundu na ndani ni kisafi, kilikosa unga. Kama kina kitundu kidogo chenye tone la gundi na ndani kuna funza, ni inzi wa matunda aliyetaga mayai. Dawa hazifanani. Kwa inzi, unafunika kiboga kwa mfuko wa karatasi au jani la mgomba tangu siku za kwanza, na kila tunda lililooza unalizika chini sana au unalichoma, usiliache shambani likamalize kuzaa. Kwa unga, unafanya kazi ya nyuki.

Kazi hiyo ndiyo wakulima wa maboga makubwa wanaifanya kila msimu, na haihitaji franka. Jioni unapita shambani kutafuta ua jike litakalofunguka kesho: ncha yake imeanza kuwa na rangi ya machungwa. Unalifunga kwa uzi au kwa kamba ya mgomba, lisifunguke bila wewe. Unafunga na madume mawili au matatu vilevile, mvua isiloweshe unga wao. Kesho yake kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, unachuma madume, unavua nguo zao za njano, kinabaki kijiti chenye unga. Unafungua jike, unapaka polepole. Angalia kichwa cha jike: kimegawanyika vipande. Paka vyote. Ukipaka upande mmoja tu, boga linaweza kukua limepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa. Kisha unalifunga tena, unachomeka kijiti chenye tarehe. Wale wa mashindano wanapenda tarehe sababu wanahesabu siku. Boga lao likishika vizuri, kwenye siku zake za nguvu linaongeza kilo kumi na tano kwa siku moja, mengine hata zaidi. Letu litaongeza kidogo, lakini kijiti kitatuambia ni lini livunwe.

Nilisikia mtu akisema: «Ile ni kazi ya Mungu, tuache.» Kupalilia pia tungeacha? Mungu alitupa nyuki, na asubuhi ya mvua alitupa vidole.

Turudi kwa ombi la pili, la boga moja kwa kila mti. Wakulima wa kilo elfu hawakati matunda mengine siku ile ile. Wanapaka maua mawili, matatu, manne ya mama, wanangoja wiki mbili au tatu, wanapima kwa kamba kila asubuhi, na mwisho wanaacha lile linalokwenda mbio. Sababu boga la ukubwa wa yai linaweza kuanguka lenyewe, au inzi akalipata, au likakaa vibaya kwenye kamba mpaka bega lake linapokua linavunja kijiti. Ukikata leo yote na kuacha moja, na lile moja likaoza, umebaki na majani. Majani ambayo, kumbukeni, mmekwisha kutukataza kuyala!

Tena wao hawachagui tunda la kwanza karibu na shina. Wanataka lile la mita tatu au zaidi kutoka shinani, ili mti uwe umekwisha kujenga majani mengi nyuma yake. Hili tunaweza kulifuata kidogo: kiboga kinachotokea karibu kabisa na shina, mti ungali mdogo, kichumwe na kupikwa kichanga. Baada ya hapo, maoni yangu ni maboga matatu au manne kwa mti, sio moja, sio kumi. Boga zima lenye kijiti chake na ngozi isiyo na kidonda linakaa miezi katika depo kavu. Likipasuliwa, siku chache linachacha. Kwa jiko letu, maboga mengi ya kilo tano au sita yanayopasuliwa moja-moja wakati wa njaa ya mwezi wa pili ni bora kuliko jitu moja ambalo lazima limalizike wiki ya sikukuu, kila mtu ameshiba ndizi na nyama.

Najua komite itasema: na kanisa je? Sikukuu ya Mavuno ni sadaka, si maonyesho ya misuli. Hata hivyo sipendi kuzima hamu ya watu, na kweli mimi mwenyewe ningependa kuona mbegu yetu inaweza kufika wapi. Komite ipewe mti mmoja. Ule wa pembeni ya shimo la mbolea ndio una nguvu, na una nafasi pande zote. Mti huo wakate kama Mbelgiji: mama mmoja, watoto wamepangwa, wajukuu hakuna, mafundo yote yamefunikwa, maua yamepakwa kwa mkono, na baada ya wiki tatu libaki boga moja. Waweke majani makavu chini yake lisilale kwenye matope. Waandike kila siku kipimo chake ukutani mwa darasa la bioloji. Kitakachokatwa kwenye mti huo kiende jikoni kama cha miti mingine. Nikiitwa kusaidia nitakwenda.

Kwa shamba lililobaki, namwomba prefe kwa heshima asitie sahihi mpaka Jumamosi ipite. Ijumaa jioni baada ya etudi, mtu mmoja wa komite na mmoja wa zamu wapite pamoja shambani kufunga maua ya kesho. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya ibada, mwalimu wa bioloji amekubali kuwa pale na kuonyesha kwa mkono wake nani ni mama, nani ni mjukuu. Zamu ya jikoni ya wiki hii na ya wiki ijayo waje wote, na vikapu, sababu mboga ya Jumamosi itatoka pale pale. Visu vitatu tunavyo, sabuni pia. Kinachokosa ni uzi: kila anayekuja alete kipande cha urefu wa mkono.

Mwanafunzi wa darasa la 5, Bioloji-Kemia